Kasilda Nizigama, Mwanamke Aliyeigiza Yaliyompata

Ndugu, majirani na marafiki mliofika Buhinyuza leo, haya ndiyo maisha ya mama yetu, Kasilda Nizigama. Yameandikwa na wanawe na yanasomwa na binti yake mkubwa, Josefina.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1975 katika makazi ya Ulyankulu, mkoani Tabora, Tanzania. Alikuwa mtoto wa pili wa mzee Sebastiani Barutwanayo na mama Martha Ntirampeba, waliokimbia Burundi kutoka kilima hiki cha Buhinyuza mwaka 1972. Kaka yake, Leonardi, alimtangulia kuzaliwa kwa miaka miwili.

Alimaliza darasa la saba hukohuko mwaka 1990. Wenzake Watanzania walimwita mkimbizi, ingawa alizaliwa palepale walipozaliwa wao. Alifaulu kuendelea na masomo, lakini baba yake alimwambia, "Mwanangu, Leonardi yuko sekondari. Wawili siwawezi." Akaenda kujifunza ushonaji. Alitueleza kwamba hakumlaumu baba. Alichotaka ni mtu mmoja amuulize siku ile kama ameumia.

Tarehe 20 Julai 1996 alifunga ndoa na Emmanuel Bukuru, ambaye wazazi wake walitoka Gashoho. Walijaliwa watoto watatu: Josefina, Crispin na Vumilia. Mzee Sebastiani alipougua, Mama ndiye aliyemuuguza hadi alipofariki mwaka 2003. Mwaka 2008 familia yote ilirudi Burundi. Leonardi alipokea shamba la baba hapa Buhinyuza, na Mama akaenda kuishi Gashoho kwa wakwe. Huko waliitwa Watanzania.

Emmanuel alifariki kwa malaria mwezi wa Aprili 2011. Baada ya matanga, shemeji zake walimwambia arudi kwao. Alikuja hapa na watoto, akamwomba kaka yake sehemu ya kulima. Kaka akamjibu, "Shamba la baba ni la wanaume. Wewe uliolewa Gashoho." Hivyo akapanda gari la mizigo hadi Gitega, na cherehani yake, na sisi.

Gitega alipata nafasi ya kushona kwenye baraza la duka la vitambaa la Bwana Pyarali. Chai alipewa kila asubuhi, lakini kikombe chake kiliwekwa mbali na vikombe vya familia. Siku moja mteja aligombana na Nausheen, binti wa Pyarali, akamwambia, "We Muhindi, rudi kwenu." Hata bibi yake Nausheen, Bi Sugrabai, alizaliwa Gitega. Nausheen akajificha nyuma ya marobota akilia. Mama alimfuata.

"Tanzania niliambiwa nirudi kwetu," alimwambia. "Nimerudi, sasa naambiwa nirudi Tanzania. Pole, mdogo wangu. Lakini humu ndani kikombe changu kinakaa peke yake. Hilo nalo tuliseme."

Nausheen akasema, "Mi nilikuwa nakiona kila siku. Sikuuliza."

Kutokana na mazungumzo hayo kilizaliwa kikundi cha teatri cha wanawake, Tusikilizwe, mwaka 2013. Kila mchezo ulitoka kwa mwanamke aliyekuwemo: aliyefukuzwa kwa sababu ya kabila la mama yake, aliyenyimwa kazi kwa sababu ya mimba. Katika mchezo wa kwanza Mama alikuwa mwenye duka, na Nausheen akawa mtumishi mwenye kikombe chake. Pyarali alikaa mbele. Aliondoka kabla haujaisha. Kesho yake alimwambia Mama, "Kasilda, mi sikatai teatri. Lakini nyumba yangu iko mule, na watu wanacheka. Tafuta baraza ingine." Mama alibeba cherehani yake. Nausheen alibaki kwenye kikundi bila ridhaa ya baba yake, na kwa muda mrefu hawakula meza moja.

Mama alipenda kucheza wanaume, akivaa koti la marehemu mumewe. Pale Mutoyi alicheza mume mlevi vizuri mno, hadi bibi mmoja akapanda jukwaani na kumchapa fimbo mgongoni. "Mama, mi ni mwanamke kama we," alimwambia huku akicheka. Bibi akajibu, "Basi mwambie huyo mwanaume nimemchapa."

Mwezi wa Agosti 2018 kikundi kilikuja hapa sokoni Buhinyuza na mchezo wa binti aliyenyimwa shamba. Katikati ya mchezo, Leonardi alisimama kwenye umati: "Anatuaibisha. Anasema uongo." Mama alivua koti. "Kaka, njoo hapa useme unavyoona." Akapanda. Akasema baba ndiye aliyeagiza shamba liwe la wanaume.

"Aliagiza lini?" Mama aliuliza. "Mimi ndiye niliyemlisha na kumwogesha. Aliagiza lini, kaka?"

Leonardi alishuka. Watu wengine walirusha mahindi na udongo, na kikundi kiliondoka kabla ya kumaliza. Tangu siku hiyo ndugu hawa wawili hawakusemezana kwa zaidi ya miaka minne.

Mwaka 2021 Mama aligunduliwa kuwa na saratani ya matiti. Alitibiwa Bujumbura, akarudi Gitega, akaendelea kufundisha wasichana kuigiza akiwa amekaa kwenye kiti. Januari mwaka huu Mjomba Leonardi alikuja hospitali alikolazwa Mama. Aliuliza hali, wakazungumza habari za mvua. Alipokuwa anaaga, alisema angependa dada yake azikwe hapa Buhinyuza, karibu na kaburi la mama yao. Mama aliitikia kwa kichwa. Baadaye alituambia, "Wakinizika huko, msiseme tumepatana. Semeni nimezikwa."

Alifariki mjini Gitega tarehe 9 Februari 2023, alfajiri, wanawe wakiwa naye.

Ameacha watoto watatu, wajukuu wawili, kaka yake Leonardi, na wanawake wa Tusikilizwe, ambao Nausheen anawaongoza sasa. Mjomba aliyasoma maandishi haya jana. Alisema, "Someni kama mlivyoandika." Tunamshukuru kwa nafasi ya kaburi. Kuhusu sehemu ya binti katika shamba hili, sisi wanawe bado tunaiomba, na tutaiomba tukiwa hai.

Mama, umezikwa kwenye shamba la baba yako. Mungu akupe pumziko na amani yake.