Hicho Kichwa, Ndani Mmekiona Lini?

Mchungaji, wazee wa kanisa, shikamooni. Mama zangu, na ninyi vijana mlioegemea ukuta kule nyuma kana kwamba mmelipwa kuushikilia, Mungu awabariki wote. Mchungaji ameniomba nisiongee sana. Ananifahamu. Ndiyo maana maneno yangu nimeyaandika, na nimeyaandika mwenyewe, kwa mkono huu wa kulia mnaouona. Nikikwama katikati ya neno msinimalizie. Neno ninalo, linachelewa tu kutoka.

Mimi ni mtoto wa hapa hapa Susuni. Shule niliiacha darasa la nne, na kaka yangu mkubwa, aliyekaa benchi la mbele pale, mpaka leo husema kichwa changu kimejaa mawe matupu kama kiroba. Sawa. Kichwa hicho cha mawe kimenijengea nyumba ya vigae. Kimeninunulia gari. Kule Kewanja nina karasha zangu za kusaga mawe ya dhahabu, na wasomi wenye tai huja kunisalimia nikiwa nimevaa ndala. Sijisifu. Nasema hali ilivyo.

Sasa kwa nini nimesimama. Nimesimama kwa sababu nimechoka. Tangu niugue kiharusi na kupona, simu yangu imekuwa duka la dawa. Mtu akianguka Susuni, akianguka Ringwani kwa wakwe zangu, hata ng'ambo ya mpaka, wananipigia mimi. Wanasema, kiongozi, mzee wetu mdomo umepinda, tutajie ile dawa uliyopewa. Juzi mmoja wenu, simtaji, alinipigia hivyo kuhusu baba yake. Nikamuuliza, mmempiga picha ya kichwa? Akaniambia picha ya nini, mdomo umepinda kila mtu anauona. Ndugu zangu, nilikata simu kwa hasira. Halafu nikampigia Mchungaji nikamwambia Jumapili nipe nafasi. Huyo baba nitamrudia. Kwanza nisikilizeni mimi.

Nilikuwa kwenye karasha zangu asubuhi, nagombana na fundi. Kichwa kilikuwa kinaniuma tangu nilipoamka, lakini mimi kichwa huwa kinaniuma kila ninapogombana na mafundi, kwa hiyo sikujali. Nikainua mkono nimwonyeshe mkanda uliolegea. Mkono haukwenda. Nikataka kumtukana, Mungu anisamehe, tusi likajaa mdomoni na halitoki. Nikaanguka ubavu kwenye vumbi la mawe, upande wote wa kulia umekufa. Macho yanaona, masikio yanasikia vizuri kabisa. Sauti hakuna.

Mnaonijua mfikirie hilo. Mimi, bila sauti.

Sasa tazameni watu wetu. Kule kwetu tunatumia zebaki kukamata dhahabu. Kila anayefanya kazi hiyo ameshaambiwa kwamba zebaki ni sumu. Basi nilipoanguka tu, mmoja akasema ni zebaki imempanda kichwani. Mwingine akasema hapana, amewekewa sumu na wale wenye karasha za ng'ambo ya barabara. Wakabishana kidogo, kisha wakakubaliana kwa jambo moja: sumu ni sumu, na sumu dawa yake maziwa. Wakanikalisha, wakaniinua kidevu, wakanimiminia maziwa ya mgando mdomoni. Mtu ambaye nusu ya koo haifanyi kazi. Yaliingia kwenye pumzi. Nilikohoa mpaka nikaona giza, na wao wanasema, mwacheni akohoe, sumu inatoka.

Nilitaka kusema, acheni. Neno dogo hivyo.

Aliyeniokoa na maziwa ni mke wangu. Alifika anakimbia, akalipiga teke lile jagi, akaamuru nilazwe ubavu kwenye gari tuende kituo cha afya. Tabibu wa pale ni kijana mpole. Alinipima presha, akaangalia kipimo mara mbili, akamwita mwenzake naye aangalie. Kisha akamwambia mke wangu maneno ambayo nataka kila mmoja hapa atoke nayo.

Akasema, mama, hiki ni kiharusi. Lakini kiharusi kina sura moja na asili mbili. Kuna cha mshipa kuziba kwenye ubongo, damu haipiti. Na kuna cha mshipa kupasuka, damu inamwagika humo ndani. Kwa nje vinafanana, mdomo ni huo huo, mkono ni huo huo. Mimi kwa macho yangu siwezi kuvitenganisha, na hata daktari bingwa hawezi. Kinachotenganisha ni sitiskani, picha ya ndani ya kichwa, na hapa kwetu haipo. Akamwandikia rufaa twende hospitali kubwa Musoma. Akasema, asile, asinywe, na msimpe dawa yoyote ya kulainisha damu kabla ya picha. Ikiwa mshipa umepasuka, dawa hiyo itazidisha kumwagika.

Maelezo hayo hata mtoto anayaelewa. Mngedhani tuliondoka.

Hatukuondoka. Kwa sababu sisi tuna utaratibu wetu. Mtu mwenye mji wake akizidiwa, hasafirishwi mbali kabla kaka mkubwa hajafika kusema neno. Akifia njiani lawama itakuwa ya nani? Baba zangu wadogo wakaja, wakasimama kuzunguka gari, na gari likasimama pale nje ya kituo na mimi nimelala kiti cha nyuma. Kaka anaishi upande wa Kenya. Wakampigia, akasema yuko njiani. Nawaambia, nimesubiri vitu vingi katika maisha yangu, nimesubiri mawe yatoe rangi ya dhahabu, nimesubiri umeme, lakini sijawahi kusubiri kama siku ile. Nilikuwa nawasikia wanaulizana habari za mvua. Mmoja aliegemea mlango akamsimulia mwenzake habari za ng'ombe wake anayechechemea. Na mimi ndani ya kichwa changu damu inamwagika, ingawa wakati huo hakuna aliyejua, hata mimi.

Kaka akafika kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alinitazama, machozi yakamtoka. Hilo nalisema mbele zenu, kaka yangu ananipenda. Lakini alikuja na vidonge. Jirani yake kule alipata kiharusi, akapewa vidonge vya kulainisha damu, na sasa anatembea anakwenda sokoni. Kwa hiyo kaka alipita duka la dawa akanunua vile vile. Akasema kiharusi ni damu kuganda, jambo la wazi, kuendesha gari mpaka Musoma kutafuta picha ni kuchelewesha tiba. Baba zangu wadogo wote wakaitikia. Wameshasahau zebaki. Wameshasahau sumu. Kila aliyefika na jibu jipya walimkubali.

Kaka akapanda kwenye gari, akanishika taya, akasema, "Mura, mdogo wangu, meza. Ni mimi kaka yako."

Nikafunga meno. Upande mmoja ulikuwa unafunga, mwingine umelegea, na kidonge kikapita upande uliolegea. Nilikisikia juu ya ulimi, kichungu. Nikakisukuma kwa ulimi kirudi, ulimi wenyewe haunisikii. Ndugu zangu, nimewahi kufukiwa na kifusi shimoni nikatoka. Sikuogopa vile nilivyokiogopa kidonge kile.

Mke wangu akaingiza kidole, akakitoa. Akashuka, akasimama mlangoni mwa gari, uso kwa uso na kaka. Mke wangu ni binti wa Ringwani, miaka yote tangu aolewe hajawahi kumpandishia kaka sauti. Na siku ile hakupandisha.

"Shemeji, shikamoo," alisema. "Vidonge vyako weka mfukoni kwanza. Nina swali moja tu. Mume wangu akiletewa kiroba cha mawe, hununua kwa kutazama rangi ya nje?"

Kaka akasema hayo ya mawe yanaingiaje hapa.

"Hanunui," mke wangu akasema. "Huvunja jiwe, akalisaga, akaliosha kwenye karai mbele ya mwenye mawe, akaona kilichomo ndani. Hata umwapie vipi, hatoi kitu kabla hajaona ndani. Ninyi mmekizunguka kichwa chake tangu asubuhi. Huyu zebaki, huyu sumu, wewe damu imeganda. Hicho kichwa, ndani mmekiona lini?"

Mimi pale nyuma nikajisikia fahari, maana hayo maneno ni ya kwangu. Ndivyo ninavyowaambia wauza mawe kila siku, na ndivyo nilivyotajirika wakati wenzangu wananunua viroba vinavyong'aa nje na ndani uchafu. Yeye alikuwa ananisikia miaka yote hiyo, mimi nikidhani anahesabu viroba tu.

Kaka akashuka kwenye gari. Akavitazama vile vidonge, akavitia kwenye koti. Kisha akawaambia baba wadogo wasogee, akaingia akakaa, akakilaza kichwa changu kwenye mapaja yake, na dereva akaondoa gari.

Ile mashine nitawaeleza, kwa sababu wengine mnaiogopa na kusema inanyonya damu. Hainyonyi kitu. Fikirini tairi la yale malori makubwa ya mgodi, limesimamishwa wima, na kitanda kinaingia kwenye tundu lake. Walinivua cheni na miwani, wakanifunga kichwa kisichezecheze, wakatoka nje. Mashine ikavuma, ikazunguka, kitanda kikatoka. Kwisha. Kaka alikuwa hajamaliza kuomba.

Daktari akawaita, akawaonyesha kwenye kioo. Nami nilionyeshwa baadaye. Ubongo unaonekana wa kijivujivu, na upande wa kushoto kuna doa jeupe kama kokwa la parachichi. Daktari akasema ile nyeupe ni damu. Mshipa umepasuka kwa presha. Ni upande unaotawala mkono wa kulia na maneno, ndiyo maana kanyamaza. Akauliza kama nimepewa dawa yoyote ya damu njiani. Mke wangu akasema hapana, hajameza kitu. Daktari akashusha pumzi, akasema mmefanya vizuri sana, angemeza doa hili lingeendelea kukua.

Kaka alitoka nje. Mke wangu ananiambia alimwona kwenye ua, anavikanyaga vile vidonge kwa kiatu mpaka vikawa unga.

Matibabu yangu yaliongozwa na picha. Wakanishusha presha pole pole kwa dawa ya mshipani. Wakanirudisha kwenye lile tairi waone kama damu inaongezeka, wakakuta imesimama, wakasema basi hatupasui kichwa, tunaendelea hivi hivi. Shida kubwa iliyobaki ikawa homa ya mapafu, na hiyo haikutoka kwenye ubongo. Ilitoka kwenye yale maziwa. Niliwaambia watu wangu wa karasha baadaye: mlinipenda vibaya.

Halafu ikaja kazi ya kujifunza kuongea, na hapo ndipo nilipodharauliwa. Binti wa mazoezi ananionyesha kikombe, sema kikombe. Mimi, mwenye karasha, nashindwa na kikombe. Nikisema jambo linatoka jingine. Watu wakija kunitazama wananipigia kelele kana kwamba nimekuwa kiziwi. Nililia kwa hasira zaidi kuliko kwa maumivu.

Neno langu la kwanza lilitoka siku ambayo baba yangu mdogo mmoja alikuja na chupa. Kuna majani fulani, akasema, yanasafisha ubongo. Alipoifungua tu, kifua kikajaa, mdomo ukafunguka, nikasema, "Hapana."

Wodi nzima ilisikia. Mke wangu alikaa chini sakafuni akacheka na kulia. Neno lile nilikuwa nalo tangu kwenye vumbi la karasha, nikalibeba kwenye maziwa, nikalibeba kwenye kidonge, likatoka siku hiyo. Na chupa ikaondoka.

Sasa namrudia yule baba niliyekata simu juu yake. Hasira ilipopoa nilituma gari langu. Wakampeleka Musoma kwenye mashine ile ile. Mdomo wake ulipinda kama wangu. Mkono wake ulikufa kama wangu. Picha ikaonyesha mshipa umeziba, damu haikumwagika hata tone. Na mnajua alipewa nini? Vidonge vile vile vya kulainisha damu. Vidonge ambavyo mimi vingeniua ndivyo vinavyomsaidia yeye. Kama mwanawe angefuata dawa yangu, angekosa ya kwake. Mmeelewa sasa kwa nini nakata simu?

Namshukuru Mungu. Namshukuru tabibu yule aliyekiri mbele yetu kwamba haoni ndani ya fuvu, maana angejifanya anaona nisingekuwa hapa. Nawashukuru wa hospitali. Namshukuru binti wa mazoezi, kikombe sasa nakisema vizuri. Mke wangu, simama wakuone. Kaka yangu, asante kwa mapaja yako njia nzima.

Somo langu ni fupi. Mtu akipinda mdomo, mkono ukalegea, maneno yakapotea, msimpe maziwa, msimpe kidonge, msimcheleweshe kwa kumsubiri mtu aliye mbali. Mpelekeni penye picha, muda ule ule. Presha zenu pimeni kabla hamjaanguka, mimi yangu nilikuwa nayo miaka mingi nikidhani ni mafundi. Wala msinipigie simu kuuliza dawa. Nipigieni kuomba gari.

Na hii hapa ndiyo picha yenyewe, nimekuja nayo. Naishika hapa dirishani penye mwanga, mnaiona? Kaka, sogea karibu. Umesema miaka yote kwamba humu mna mawe. Angalia mwenyewe ndani.