Tangi la Mkaja wa Bi Mwamvita

MWISHEHE: Haloo? Haloo, hapo ghala la saruji, Kinondoni?

GOZBERT: Ndipo. Karani Gozbert hapa. Nani mwenzangu huko?

MWISHEHE: Mie Mwishehe. Fundi bati wa Temeke, nimeazima simu ya dukani.

GOZBERT: Kumbe bwana harusi mwenyewe. Habari za asubuhi, shekhe?

MWISHEHE: Habari gani, Gozi. Nimekwisha. Tangi linavuja.

GOZBERT: Lile la mama mkwe?

MWISHEHE: Mie nina jingine? La mkaja wa Bi Mwamvita. Mama wa watu kakataa kanga na pesa wanazopewa wenzake wakiozesha binti, kataka tangi la maji. Na leo ndiyo siku ya kulipeleka.

GOZBERT: Linavuja wapi? Ubavuni au kitakoni?

MWISHEHE: Ndiyo ajabu yake, sioni. Alfajiri nimelijaribu. Nimetia debe ishirini, nimehesabu moja moja. Nachungulia, maji yako huku chini, hata kwenye goti hayafiki. Nikalala kifudifudi, nikapapasa kote—

GOZBERT: Sema tena, waya unakwaruza—

MWISHEHE: Nasema nimepapasa kote! Pakavu kama unga.

GOZBERT: Subiri kwanza. Kwani lilitakiwa lijae kwa debe ishirini?

MWISHEHE: Si ndivyo nilivyokuuliza wiki iliyopita? Dada yake, Bi Mauwa, ana tangi la debe kumi. Bi Mwamvita kasema lake liingie maji mara mbili ya lile. Nikakupigia wewe uliyesoma, ukaniambia—

GOZBERT: Nilikuwa nahesabu mifuko ya saruji, bwana.

MWISHEHE: —ukaniambia, zidisha mara mbili.

GOZBERT: Na wewe ukazidisha nini?

MWISHEHE: Vyote. La Bi Mauwa upana wake futi mbili, kimo futi mbili. Langu upana futi nne, kimo futi nne. Si mara mbili hiyo?

GOZBERT: Yesu na Maria.

MWISHEHE: Nini?

GOZBERT: Tangi lako halivuji, shekhe. Hapo dukani ulipo pana sabuni za mche, zile za vipande?

MWISHEHE: Zimejaa tele. Za nini?

GOZBERT: Chukua kipande kimoja. Hilo ndilo tangi la Bi Mauwa. Sasa lipanue mara mbili, weka cha pili ubavuni. Mara mbili na kwenda nyuma pia, weka viwili vingine.

MWISHEHE: Vinne. Mwenye duka ananikodolea macho.

GOZBERT: Sasa kimo nacho mara mbili. Vingine vinne juu yake. Hesabu.

MWISHEHE: Sita, saba... vinane.

GOZBERT: Haya.

MWISHEHE: Vinane, Gozi? Tangi langu mara nane?

GOZBERT: Debe themanini, au pungufu kidogo. Ngoja nilipigie hesabu ya shule. Nusu ya upana futi mbili, mbili mara mbili nne, mara kimo nne, kumi na sita, mara ishirini na mbili, gawa kwa saba... futi hamsini za ujazo. Kila futi galoni sita na ushei, na debe ni galoni nne. Ndiyo hiyo hiyo. Likijaa ni tani nzima na nusu.

MWISHEHE: Umeniua, Mhaya wewe.

GOZBERT: Nimekukosea, sikatai. Si mjaze tu mara nne?

MWISHEHE: Nani ajaze? Nina wanawake ishirini, sare wameshashona. Kila mmoja debe moja kichwani, ngoma mbele, kutoka bombani mpaka uani kwa Bi Mwamvita. Wengine ni shangazi zangu, debe moja tu wakifika wanaomba mkeka. Nikiwaambia safari nne watanipiga kwa hayo madebe.

GOZBERT: Basi peleka likiwa robo.

MWISHEHE: Kwetu chombo hakipelekwi kitupu, bwana. Mama anafunua mfuniko mbele ya watu. Akiona maji yamefika juu anasema nimepokea, na Ijumaa ndoa inafungwa.

GOZBERT: Na akiona robo?

MWISHEHE: Hasemi kitu. Na Shaabani inaisha. Mwezi wa mfungo nani anaoza? Mie na Tunu mpaka baada ya Idi. Miezi minane nimengoja, Gozi. Nampenda yule binti mpaka naona haya kusema.

GOZBERT: Umeshasema. Mnakwenda saa ngapi?

MWISHEHE: Baada ya alasiri.

GOZBERT: Basi sikia. Maji yamekwenda mara nane, lakini bati halikwenda mara nane. Bati ni ngozi ya nje tu, hiyo imekwenda mara nne. Fumua tangi. Bati la moja hilo linatoa manne kama la Bi Mauwa.

MWISHEHE: Manne?

GOZBERT: Manne kamili. Hesabu ndivyo inavyosema.

MWISHEHE: Hesabu yako haijawahi kushika mkasi. Ubavu, sawa, nikiukunjua naukata vipande vinne bila kupoteza hata kidole. Lakini kitako changu ni duara la futi nne. Ndani yake nakata duara ngapi za futi mbili?

GOZBERT: Nne.

MWISHEHE: Chora.

GOZBERT: Ngoja... [anachora] Mbili.

MWISHEHE: Mbili. Zilizobaki ni pembepembe za kukata watu vidole. Kitako kinanipa mbili, mfuniko mbili. Duara nne kwa jumla. Kila tangi linataka kitako na mfuniko, kwa hiyo—

GOZBERT: —matangi mawili.

MWISHEHE: Ya debe kumi kumi.

GOZBERT: Ishirini. Mwishehe, ishirini ile ile!

MWISHEHE: Na bati la ubavu litakalobaki nitafanyia kingo. Tupo mafundi watatu, risasi ya kulehemu ninayo. Tukianza sasa hivi— Gozi.

GOZBERT: Nini tena?

MWISHEHE: Yuko nje. Ng'ambo ya barabara, mbele ya karakana yangu.

GOZBERT: Nani?

MWISHEHE: Bi Mwamvita. Analizunguka tangi.

GOZBERT: Mwambie si lake. Mwambie ni la mwenye kiwanda cha mafuta, lake liko ndani, mwari haonwi kabla ya siku.

MWISHEHE: Usikate simu.

GOZBERT: Mwishehe, usimwambie— Haloo? Haloo? Hapana, eksichenji, bado tunaongea. Ndiyo. Ni mambo ya saruji. [kimya] Mwishehe?

MWISHEHE: Nimerudi.

GOZBERT: Umemwambia la kiwanda?

MWISHEHE: Nilikuwa nimeshafungua kinywa. Nimempa shikamoo, kaitikia, kauliza, hili la nani? Uongo ukanikwama. Nikasema, lako, mama. Nimekosea hesabu, linameza debe themanini. Nataka kulikata, yatoke mawili kama la Bi Mauwa.

GOZBERT: Ukamwambia yote hayo?

MWISHEHE: Yote. Na jina lako nimelitaja.

GOZBERT: Ahsante sana. Akasemaje?

MWISHEHE: Kaniangalia. Kalipiga tangi kofi, likavuma. Halafu kacheka, Gozi, mpaka kashika nguzo ya kibanda. Kasema Mauwa analo moja, leo atanikoma, mie yangu mawili.

GOZBERT: Kakubali!

MWISHEHE: Kisha akasema, kata upesi, mwanangu, jua linapanda.

GOZBERT: Basi nenda ukakate.

MWISHEHE: Hujasikia. Mwanangu, kasema. Miezi minane ananiita fundi. Fundi kaa hapo, fundi umefuata nini. Leo mwanangu, mbele ya mafundi wangu.

GOZBERT: Mwishehe, unalia?

MWISHEHE: Nalia, ndiyo. Na mwenye duka anazifuta sabuni zake huku ananitazama.

GOZBERT: Umeshaoa, bwana. Kilichobaki ni maji.

MWISHEHE: Uje alasiri, basi. Usikose—

GOZBERT: Nakuja. Mkubwa wangu anaingia, kwaheri—

MWISHEHE: Kwaheri, Gozi. Nawahi mkasi.