Pumziko la Danzón

Don Evaristo aliketi nyuma ya Doña Eulalia na mgeni mmoja katika basi la Veracruz, akasikia kila neno.

"Bibi, nawe waenda kuogelea?" aliuliza mgeni huyo, mwenye taulo begani.

"Bahari naiona kila siku, mwanangu. Naenda uwanjani kucheza dansi ya danzón."

"Na babu?"

"Babu yuko makaburini mwaka wa tatu. Kucheza nacheza peke yangu. Taabu ni pale wimbo unapofika kwenye pumziko. Wenzangu husimama wawili wawili, mimi nasimama na pepeo langu kama mlingoti."

"Si umpate mzee mwingine?"

"Wazee wa hapa? Waoga watupu!"

Don Evaristo, ambaye kwa miaka mitatu alimtazama tu bibi huyo akicheza, alikohoa. Basi likasimama. Akawahi kushuka, akamnyooshea mkono. Doña Eulalia akautazama mkono, kisha viatu vyeupe vya kuchezea alivyovaa mzee, akaushika mkono ule.