Neno Lililomkwama Wendell Tisdale

Ndugu na majirani mliojaza kanisa hili hadi ngazi za nje, familia inawasomea maisha ya Wendell Lamar Tisdale, aliyezaliwa hapa Macon, Georgia, tarehe 9 Machi 1951, akiwa mtoto wa nne wa mzee Cleophus na Bi Arletha, akamaliza sekondari mwaka 1969, akaajiriwa mwaka 1972 kuwa fundi wa mabasi ya shule, na tarehe 14 Juni 1975 akamwoa Odessa Pruitt, wakajaliwa binti, Lucinda.

Tarehe 3 Februari 2009 alikamatwa, akidaiwa kuiba nyaya za shaba karakanani, na kwa kuwa dhamana ilitushinda alikaa mahabusu miezi minane, hadi mwendesha mashtaka alipomletea makubaliano, kwamba akikiri kosa atalala nyumbani siku hiyo hiyo, akikataa na kushindwa kesi huenda akafungwa miaka ishirini. Wendell hakuiba, lakini alikubali kukiri, na asilaumiwe, maana sisi wenyewe ndio tuliomsihi.

Wakili wake, mtu mwema aliyelemewa na mafaili, alimweleza kwamba jaji atauliza kama amelazimishwa au ameahidiwa chochote, naye ajibu hapana, kama wote wanavyojibu, la sivyo ukiri wake hautapokelewa. Tarehe 6 Oktoba jaji akauliza, Wendell akasema, "Ndiyo, mheshimiwa, nimeahidiwa kula nyumbani leo, na mke wangu ameshabandika maharage." Watu wakacheka, jaji hakucheka, akakataa kupokea ukiri ule, Wendell akarudishwa ndani, na Odessa akamfokea kwenye simu, "Mwanamume wewe, neno moja tu limekushinda?" naye akajibu, "Dessa mpenzi, uongo wa kwanza nilishaumeza, huu wa pili ndio ulionikwama."

Tarehe 22 Machi 2010, kesi ilipomaliza kusikilizwa, wazee wa baraza la mahakama walijifungia kushauriana dakika arobaini tu, wakatoka na kusema hana hatia, nasi tulishangilia hadi tukatolewa nje, tukaendelea kushangilia kwenye maegesho, na Jumatatu iliyofuata alikuwa chini ya basi, kwenye kazi ambayo mtu aliyekiri wizi asingerudishiwa, hadi alipostaafu mwaka 2016.

Aliugua mapafu kuanzia mwaka 2021, akafariki nyumbani tarehe 11 Novemba 2023.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika wiki nzima, mafundi wenzake mliokuja na sare zenu, na wale walio mahabusu asubuhi hii wakifundishwa kusema hapana tunawakumbuka, wakisema hapana tunawaelewa.

Lala, Wendell, na jina lako safi.