Risala ya Wakazi wa Mikoroshini kwa Mgeni Aliyekuja Kupanda Mti

Mgeni rasmi, Mhandisi Theonest Kamugisha, Mwenyekiti wa Bodi ya Mradi wa Maghala na Bandari Kavu ya Mikoroshini;
Viongozi wa mtaa na wa kata mlioko meza kuu;
Bwana Adelard, mtaalamu wa mipango miji wa mradi;
Viongozi wetu wa dini;
Wazee wetu, shikamooni;
Wakazi wenzetu mliokaa, na ninyi mliosimama kwa kukosa viti:

Tunakusalimu kwa heshima zote, mgeni rasmi, na tunasema karibu Mikoroshini. Tumefagia tangu Jumamosi, tumefunga turubai, na ukisikia harufu ya pilau kutoka nyuma ya nyumba ya Mama Felicitas, ujue imepikwa kwa ajili yako. Usipokula tutahuzunika. Tunalisema hili mapema kwa kuwa baadhi ya maneno yanayofuata yanaweza kukukata hamu, nasi hatutaki uondoke na njaa.

Risala hii inasomwa na Mwalimu Lusungu Mwakalobo, katibu wa kamati ya wakazi. Hakuwa chaguo letu la kwanza. Kabla yake waliteuliwa wawili, na wote wakaugua ghafla, mmoja mafua, mwingine mgongo, ingawa hapa tulipo tunawaona kule nyuma wamesimama vizuri tu. Hatuwalaumu. Mgeni rasmi, tunaogopa. Tumeona heri tuliseme mwanzoni, ili sauti ikikatika njiani usije ukadhani kipaza sauti kimeharibika.

HISTORIA FUPI YA MTAA WETU

Hapa palikuwa shamba la mikorosho la marehemu Mzee Kondo Mwinshehe. Sisi tulikuja mmoja mmoja, wengine kutoka Temeke mjini ambako kodi ilitushinda, wengine kutoka bara. Mwanzoni hatukununua chochote, tuliomba kulima tu, na Mzee Kondo hakuwa mchoyo. Alikuwa na sharti moja.

"Limeni muhogo, limeni viazi, kunde pandeni mkitaka," alisema. "Mti msipande. Mtu akipanda mti hapa, kesho atasema pake."

Wenyeji wa pwani hii wanalijua sharti hilo tangu enzi za babu zao. Muhogo unang'olewa na mambo yanaisha, lakini mti unabaki, na aliyeupanda ndiye mwenye pahali. Kwa hiyo Mzee Kondo alipoanza kutuuzia viwanja, maandishi tulifanya kwa mjumbe wa nyumba kumi, lakini kilichofunga biashara kilikuwa mti. Alimkabidhi mnunuzi mche mbele ya mashahidi, akamwambia aupande kwa mkono wake. Yeye Mzee Kondo alishika kopo akamwagilia maji, maana yake ameridhia na ameachia. Kila nyumba unayoiona hapa ina mti wa namna hiyo. Mzee Gulamabbas, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale barabarani, alipanda mkomamanga, nasi tukamcheka kwamba hautazaa katika mchanga huu. Siku hizi tunapanga foleni kumwomba matunda. Mama Felicitas na marehemu mumewe, Erasmus, walitaka kupanda mgomba, Mzee Kondo akakataa katakata kwamba mgomba si mti, wakapanda mnazi. Migomba Mama Felicitas aliipanda baadaye nyuma ya jiko. Utakapoiona, mgeni rasmi, jina lako la Kihaya linatuambia utajua ni ndizi za namna gani bila kuuliza.

MAFANIKIO

Tuna shule ya msingi ambayo madarasa yake mawili ya mwanzo tuliyajenga kwa nguvu zetu. Tuna kisima, tuna kigango cha Wakatoliki, tuna msikiti, na hivyo viwili vya mwisho vinaazimana turubai moja, hili lililo juu yako.

Tuna pia barabara. Miaka iliyopita alikuja mgeni rasmi mwingine, tukamsomea risala, tukaomba barabara. Tulipewa pana kuliko tulivyoomba. Barabara hiyo ndiyo iliyowaonyesha wenye mradi njia ya kuja kwetu. Hatulalamiki, tunaeleza tu jinsi mambo yalivyofuatana.

Na mradi wenyewe, mgeni rasmi, hatuupingi. Bandari imefurika, makontena lazima yawekwe mahali, na vijana wetu wanataka kazi. Tena tunakiri kwamba huu si mradi wa kuja na katapila na kufyeka tu. Tumeelezwa kwamba mapaa hayatang'aa, kuta zitapakwa rangi ya udongo, kijito chetu hakitafukiwa, na maghala hayatazidi urefu wa mikorosho. Waliofikiria hayo wana macho, na sisi tunawashukuru kwa dhati.

CHANGAMOTO

Changamoto yetu ni moja, na tulijitafutia wenyewe.

Bwana Adelard alipokuja mara ya kwanza, alituketisha hapa hapa akatuuliza jambo ambalo hatujawahi kuulizwa na mtu yeyote: tungependa kuona nini tukifungua madirisha yetu asubuhi? Mwishowe Apolinari, fundi seremala, akasimama.

"Sie tunachoomba, hayo maghala tusiyaone," alisema. "Jengeni, ila tusiyaone."

Tukapiga makofi, na Bwana Adelard akaandika. Ni mtu mstaarabu, anaamkia wazee na kuvua viatu mlangoni, na alituahidi kwamba ombi letu litafanyiwa kazi. Lilifanyiwa kazi.

Alirudi na picha ile kubwa iliyotundikwa nyuma yako. Tunakuomba ugeuke uitazame kidogo. Ni picha nzuri. Kilima kipo, kijito kipo, miti imesimama safu kwa safu, na ghala hata moja halionekani. Siku ile kina mama walipiga vigelegele. Kisha Fizza, binti wa Mzee Gulamabbas, akaisogelea.

"Baba, duka letu liko wapi?"

"Litafute hapo barabarani."

"Hapo barabarani mie naona miti tu."

Mzee akavaa miwani, nasi tukasogea wote. Tukatafuta kisima, tukakuta miti. Tukatafuta kigango, miti. Nyumba ya Mama Felicitas tulitambua mahali pake tu, kwa ile kona ya barabara, na kwenye kona hiyo mchoraji ameweka mti mkubwa kuliko yote, na ndege wawili juu yake.

Tulimuuliza Bwana Adelard, naye akatujibu kwa upole, kama anayemweleza mgonjwa namna ya kumeza dawa.

"Si mlisema hamtaki kuyaona maghala? Ili msiyaone, lazima miti ikae katikati. Na katikati ndiyo hapa."

"Na sie tutakuwa wapi?" aliuliza Apolinari.

"Ninyi mtakuwa upande wa pili, mnaangalia miti."

Upande wa pili ni wapi, hakusema. Alisema hilo liko ngazi nyingine. Tangu siku hiyo Apolinari hafungui mdomo mkutanoni, na hata leo amekaa mwisho kabisa, karibu na masufuria. Apolinari, ndugu yetu, wote tulipiga makofi.

Kuhusu fidia, tulielezwa kwamba inalipwa pale yatakapojengwa maghala. Hapa petu hapajengwi kitu. Panakuwa eneo la hifadhi ya mandhari.

"Kumbe miaka yote hii nimelala ndani ya mandhari," alisema Mama Felicitas. Tulicheka, kisha kila mtu akaenda kwake bila kuaga.

Mgeni rasmi, laiti tungepigwa X nyekundu ukutani, ile ya nyumba za kubomolewa. X kila mtu wa Dar es Salaam anaijua, mtu anajua aende kwa nani na alie vipi. Sisi tumewekewa vigingi vyenye utepe wa kijani. Watoto walidhani ni mapambo ya ujio wako, wakavifunga maua. Tangu hapo Apolinari ameacha kujenga nyumba yake, imeishia kwenye linta, juu ya madirisha. Mabati yanavuja na hakuna anayeyabadilisha. Gari likipunguza mwendo pale kona, watu wanaacha kula wanasikiliza. Watoto wanatuuliza tutahamia wapi, nasi tunawaambia wakaoge.

Kuna jambo moja zaidi, nalo ndilo linalotutetemesha leo hii.

Tulipoambiwa kwamba mgeni rasmi atapanda mti wa kumbukumbu, tulifurahi kama wenyeji wowote. Tuligombea heshima hiyo, na Mama Felicitas akaipata kwa kuwa uwanja wake uko kwenye kona na gari lako lingefika bila kukanyaga tope. Vijana wakachimba shimo, akawapikia uji. Samadi alitia mwenyewe. Kigingi cha kijani kilikuwa hatua chache kutoka pale na hatukukitazama. Mpaka juzi Mzee Gulamabbas alipokuja kukagua viti, akasimama ukingoni mwa lile shimo, akakitazama kigingi.

"Felicitas," alisema, "unakumbuka Kondo alikuwaga anasema nini juu ya mti?"

Mama alikuwa ameshika ndoo. Aliiweka chini, akakaa juu yake.

Ndivyo ilivyo, mgeni rasmi. Tumekuchimbia shimo kwenye uwanja wetu kwa jembe letu na samadi yetu, ili uje upande mti wa kwanza wa ile picha. Jana tulikusanyika kulifukia, tukaogopa. Mgeni anayekuta shimo lake limefukiwa ataona amekataliwa mbele ya watu, na mgeni mkubwa akikataliwa hatujui sisi wadogo tunabaki na nani. Tukaliacha wazi, na kuliacha wazi kunatutia hofu vilevile. Mche uko pale kwenye ndoo ya bluu, umefungwa utepe.

MAOMBI

Hapa ndipo kamati ilipokwama. Risala ya kwanza ilikuwa na maombi mengi: maji ya bomba, zahanati, taa za barabarani. Tuliyasoma upya tukaingiwa na baridi. Tuliomba barabara, ikaja na malori. Tuliomba tusiyaone maghala, tukafutwa. Tukiomba zahanati, nani ajuaye itachorwa juu ya nani? Tukayaondoa yote. Risala ya pili haikuwa na ombi hata moja, na meza kuu waliipenda sana. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, kwa hiyo hii unayoisikia ni ya tatu, na meza kuu wanaisikia sasa hivi pamoja nawe. Viongozi wetu, mtusamehe.

Tuna maombi mawili.

La kwanza, tunaomba ombi letu la mwanzo likataliwe. Tunaomba tuyaone maghala. Tuyaone asubuhi tukifungua madirisha, na mchana, na taa zake zituangaze vyumbani mpaka tushindwe kulala. Tusikie malori yakirudi nyuma na ile milio yake. Kama yanapendeza au hayapendezi, tutagombana wenyewe kwa wenyewe tukiwa majumbani mwetu. Miti tutapanda sisi, kati ya nyumba na nyumba, mingi mpaka aliye barabarani asione ghala wala bati. Bwana Adelard atuonyeshe ipi inafaa. Tumezoea kuishi na miti, na mikorosho tuliikuta hapa, nayo ikatuvumilia.

La pili ni dogo, na linahusu muda mfupi ujao. Risala ikiisha, mshereheshaji atakuita ukapande mti. Utakapofika utamkuta Mama Felicitas amekaa kwenye kiti kando ya shimo. Tulimsihi aje huku kivulini akae na wenzake, amekataa. Si utovu wa adabu, mgeni rasmi. Atakuamkia, na akishindwa kusimama ni miguu.

Tunakuomba uuchukue mche kwenye ndoo, umpe mkononi aupande yeye. Vijana watamshika. Kopo la maji tumekuwekea pembeni, la bati, lile lile la marehemu Mzee Kondo. Wanawe wametuazima kwa siku ya leo. Wewe umwagilie maji.

Picha zitapigwa, na gazetini itaonekana kwamba mgeni rasmi ameshiriki kupanda mti, jambo ambalo litakuwa kweli. Ratiba haitavurugika. Ni sisi tu tutakaojua umefanya nini, na wewe, kwa kuwa tumekueleza.

HITIMISHO

Mgeni rasmi, hatuna zawadi kubwa. Kuna kapu la makomamanga kutoka kwa Mzee Gulamabbas na mkungu wa ndizi kutoka nyuma ya jiko. Utavipokea vyovyote utakavyoamua, hatuvifungi na jibu lako.

Mungu akulinde njiani, akufikishe nyumbani kwako, na ukifika uikute nyumba iko pale pale ulipoiacha. Hiyo ndiyo dua kubwa tunayoijua siku hizi, tunakuombea wewe na tunajiombea sisi.

Mwalimu Lusungu anakunja karatasi na anakaa. Tunakuangalia unavyoelekea kwenye ndoo.

Ni sisi, wakazi wa Mtaa wa Mikoroshini, tuliopo.