Mzee Ayoub na Sauti Iliyoingia Msikitini

Kitu cha kwanza mtu alichokiona kwa marehemu Mzee Ayoub Machano Jaku ni shingo yake. Hakuweza kukaa karibu na friji au feni bila ya kuilaza upande, akisikiliza mvumo ambao wengine hawakuusikia kabisa.

Alizaliwa Kizimkazi Dimbani tarehe 14 Machi 1957. Alianza skuli huko huko, akamalizia mjini, kisha akasomea ufundi wa redio Dar es Salaam. Alitengeneza redio za meli katika bandari ya Malindi, Unguja, hadi alipostaafu mwaka 2017.

Mwaka 1984 alimuoa Bi Zeyana Hamad, wakahamia Michenzani. Alipostaafu alipata leseni ya redio ya ridhaa, akaweka antena juu ya paa la jengo lao la ghorofa na kuzungumza na marafiki wa nchi za mbali.

Ramadhani ya 2019 nusura antena hiyo iteremshwe. Darsa la baada ya alasiri likiendelea, spika ya msikiti ilitoa sauti ya Mzee Ayoub: "Naam, nnakupata vizuri! Huko mvua imeshanyesha?" Wakati huo huo televisheni za majirani ziliganda picha.

"Shikamoo Mzee Ayoub," alisema jirani yake, Bi Mwatum. "Waya wako uteremshe, tushachoka!"

"Marahaba, mwanangu. Nipeni mpaka Ijumaa. Nikishindwa, nauteremsha mwenyewe."

Alitengeneza kichujio cha koili na kapasita, akakifunga kati ya redio na antena. "Ni kama kifumbu cha nazi," alimwambia mkewe. "Tui linapita, machicha yanabaki." Mawimbi machafu yalibaki ndani, televisheni zikatulia. Kwa furaha akaanza kuzungumza tena, lakini Gharib, muadhini, alipanda ngazi mbio.

"Mzee, bado unatuhutubia!"

Mzee Ayoub alicheka hadi akakaa chini. Alikuwa amechuja upande wake tu, kumbe waya mrefu wa spika ya msikiti nao ulikuwa ukinasa mawimbi kama antena. Waliuzungusha waya huo ndani ya pete nyeusi za feriti zinazozuia mawimbi, karibu na amplifaya. Ijumaa, baada ya sala, alizungumza redioni huku watu wote wametega masikio msikitini. Kimya! Bi Mwatum ndiye aliyetangulia kusema antena ibaki.

Tangu hapo alifundisha vijana kutengeneza vichujio kabla hawajagusa kipaza sauti. Maradhi ya moyo yalimuanza mwaka 2023, na alifariki nyumbani tarehe 2 Oktoba 2025, mkewe akiwa pembeni yake.

Ameacha mjane, Bi Zeyana, watoto wawili, Yusra na Yussuf, na wajukuu. Mwenyezi Mungu ampe raha ya kaburi na amjaalie Pepo. Amin.

Jumamosi ijayo, wanafunzi wake wakiongozwa na mwenzao Faiza watapanda kwenye paa lile lile, kwa ruhusa ya wakaazi wote. Kituo cha wanaanga kinachoizunguka dunia kitakapopita juu ya Unguja, watakiita kwa redio, na dunia nzima ya Michenzani itakuwa chini ikisubiri kusikia nani atajibu.