Elida na Mistari Miwili ya Seva

Wasikilizaji wapendwa, mlioko Katubuka, Rusimbi, Ujiji hadi kule mwaloni, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka Elida Bonifasi, fundi wa kompyuta wa chuo kimoja hapa Kigoma. Ametutoka Jumanne iliyopita, akiwa na miaka hamsini na sita.

Elida alizaliwa Simbo, kwa wakulima wa mihogo. Chuoni aliingia kama mpiga chapa. Kompyuta zilipokuja, wenzake walizifunika vitambaa. Yeye alizifungua kwa bisibisi. Dada yake, Veneranda, anasema: "Akicheka, nyumba ya tatu wanajua Elida kafika."

Sasa sikilizeni. Idara ya uuguzi, ambako Elida alikuwa fundi, ilipata seva yake, ile kompyuta kuu inayotunza majina na maneno ya siri ya wanafunzi wote. Asubuhi ya mtihani, kompyuta arobaini zikagoma. Kila moja ikiuliza seva ya uuguzi iko wapi, seva ya majina ya chuo, ile inayozielekeza kompyuta kila kitu kiliko, inajibu: siijui. Wanafunzi themanini wamesimama mlangoni, wengine machozi yanawalenga.

Mtu akashauri kompyuta ziiulize seva ya idara peke yake. Elida akakataa. "Maktaba ya chuo wataifikiaje? Naenda kwa Mzee Pastory."

Watu wakaguna. Mzee Pastory ndiye msimamizi wa seva za chuo, na sifa yake ilikuwa ukali.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Kama unataka neno la siri la seva yangu, geuka urudi."

"Silitaki, Mzee. Naomba uniwekee mistari miwili tu." Akaweka karatasi mezani. "Jina lolote linaloishia na uuguzi, lielekeze kwetu. Yale tusiyoyajua sisi, tutakuuliza wewe."

"Na chuo kizima kikizimika?"

"Utaifuta. Nami nitakuomba radhi mbele ya watu wote."

Mzee akasoma, akasoma tena, akaandika. Wakajaribu. Kompyuta ikagoma vilevile! Elida akaichukua karatasi, akaikagua namba kwa namba. Kumbe mwisho wa anwani ya seva aliuandika sitini na moja badala ya kumi na sita.

"Kosa ni langu, Mzee."

Mzee Pastory akamtazama. Kisha akaangua kicheko, yeye ambaye hakuna aliyewahi kumwona akicheka kazini. "Watu wote huniambia kosa ni langu mimi!" Akasahihisha. Kompyuta zikafunguka, zote arobaini. Elida akapiga vigelegele humo humo chumba cha seva, na wanafunzi wakavipokea kule nje. Mtihani ukafanyika kwa zamu mbili, na saa nane mchana Mzee alikuwa kantini na idara nzima, wakila ugali na migebuka, samaki wetu wa ziwani.

Nasema tena: mistari miwili, na themanini wote wakafanya mtihani. Wengi wao leo ni wauguzi. Watatu walimhudumia Elida siku zake za mwisho, na Veneranda anasema aliwachekesha mpaka wakasahau vipimo.

Mazikoni Simbo, Mzee Pastory alisema maneno machache: "Watu walikuja kwangu na lawama. Elida alikuja na karatasi."

Poleni sana Veneranda, watoto wa marehemu na wauguzi wote. Mungu ampumzishe Elida kwa amani.

Nasi wasikilizaji, tujiulize: yuko nani kazini kwetu tunayemkwepa kwa kusikia tu kwamba ni mkali? Kesho asubuhi, mgongee mlango. Msalimie.